Emlyn Prosser na Pampu ya Akiba

Emlyn Prosser alizaliwa hapa Maesteg tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa Ivor, mchimba makaa, na mkewe Olwen. Mimi, Mair, dada yake, nilimfuata baada ya miaka mitatu. Mama alisema Emlyn hakunionea wivu hata kidogo. Alifurahi kwamba sasa nyumbani kuna mtoto wa akiba.

Alisoma shule za hapa hapa mjini hadi 1972. Tusidanganyane mbele ya jeneza: darasani hakung'ara. Ila mfukoni hakukosa kalamu mbili tatu za ziada, na waliong'ara ndio waliomfuata kuziazima.

Kutoka shule aliingia mgodini, akabaki humo hadi ulipofungwa mwaka 1985. Wenzake wengi walihama bonde hili. Yeye alinunua ngazi na ndoo, akaanza kuzunguka akisafisha madirisha ya watu. Majira yake ya kwanza ya baridi, mpira wa kifutio chake cha vioo ulichanika akiwa juu ya ngazi hapa kanisani, na mwingine alikuwa ameuacha nyumbani. Alipoufuata, huku nyuma sabuni iliganda kwenye vioo, na Jumapili tuliimba huku tukiitazama. Ee, alichekwa! Tangu hapo kila kitu alibeba viwili: mipira, brashi, spana, viungo vya bomba. Fito ndefu za kurushia maji kwa pampu zilipochukua nafasi ya ngazi, akabeba na pampu ya pili. Gari lake lilikuwa limekaa chini nyuma kwa uzito hata tangi la maji likiwa tupu.

Alifunga ndoa na Glenys Havard katika kanisa hili tarehe 14 Juni 1980, na mwaka 1988 wakajaliwa binti yao, Carys. Glenys alichoka kujikwaa kwenye spea mlangoni. Siku moja, tukiwa mezani, alimuuliza, "Na mke wa akiba umemficha wapi?"

"Nilimuulizia dukani," Emlyn akajibu, akimimina chai. "Wameacha kutengeneza."

Glenys alimchapa kwa kitambaa cha vyombo, lakini alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nifike kwa Desmond Pugh, msafishaji mwenzake, na wala sitamung'unya maneno. Kila msafisha madirisha hapa ana mzunguko wake, nyumba anazozirudia mwezi hadi mwezi, na za mwenzako huzigusi. Novemba 2003, asubuhi ya ukungu mzito, Emlyn alipotea mtaa mmoja tu. Nyumba zetu mnazijua, zote pacha. Alisafisha upande mzima wa mtaa wa Desmond akidhani yuko kwake. Desmond alimkuta akimalizia.

"Mwizi wewe! Unanilia kazi yangu mchana kweupe?"

"Mchana kweupe wapi, Des? Ukungu huu! Nimekosea mtaa."

"Ukungu, eti! Mdanganye bibi yako!"

Hawakusemezana tena. Miaka ikapita, wakipishana barabarani kila mmoja akitazama upande wake. Hata siku moja pampu ya Desmond ilipokufa mlimani, Emlyn alisimamisha gari, akaweka pampu yake ya akiba ukingoni mwa barabara, akaondoka bila neno. Desmond aliichukua. Asante haikuja, wala pampu haikurudi, na mimi nilimsema vibaya kwa kila aliyetaka kusikia.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2023 moyo wa Emlyn ulianza kuchoka, na mwezi Juni alilazwa. Carys, aliyekuwa akifanya kazi naye tangu amalize shule, aliacha kazi ili amuuguze. Kifo chenyewe hakikumtisha kaka yangu. Kilichomnyima usingizi ni mzunguko. Alitaka kumwachia binti yake, na alijua mtu akichoka kutazama vioo vichafu humwita msafishaji mwingine, na huyo akishaingia hatoki.

"Mair," aliniambia, "nenda ukatazame. Unipe ukweli, usinibembeleze."

Nilikwenda, moyo mzito. Lilikuwa jua kali la Julai, bila hata wingu. Vioo vya mtaa mzima vilimetameta, na kwenye nyumba ya mwisho alisimama Desmond na ufito wake, ile pampu ya Emlyn ikinguruma nyuma ya gari.

"Desmond Pugh! Unafanya nini huku?"

Hakugeuka. "Ukungu, dada," alisema. "Nimekosea mtaa."

Alikuwa ameukosea tangu Juni, pamoja na mitaa mingine yote ya Emlyn, na kwa kila aliyemfungulia mlango alisema kazi ni ya Carys. Nilirudi hospitali nikamweleza kaka yangu. Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Mwongo mkubwa yule," alisema, akifuta machozi. Usiku huo alilala. Alifariki tarehe 2 Agosti, Glenys na Carys wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha mjane, Glenys, binti, Carys, atakayerudi kwenye mzunguko wa baba yake Jumatatu, mjukuu, Tomos, mimi dada yake, na Desmond Pugh, ambaye namwona kasimama kule mlangoni kana kwamba hahusiki. Desmond, hapo si pako. Njoo ukae huku mbele na sisi.

Emlyn, tua mzigo wako sasa, ndugu yangu. Mungu akupe pumziko jema.