Fimbo Yenye Redio

Kwenye basi dogo la kwenda Lagankhel nilikaa nyuma ya wanafunzi wawili, fimbo yangu katikati ya magoti. Walikuwa wanapanga kazi ya kikundi: kubuni fimbo mpya ya wazee, na mwalimu anataka mchoro kesho.

"Tunaweka taa, redio na kengele ya dharura," alisema kijana, Nischal.

"Weka na jiko basi, wachemshe chai," akajibu mwenzake, Rojina. "Umemuuliza mzee hata mmoja?"

"Wewe je?"

Rojina akageuka, akaniona. "Samahani, bibi. Fimbo yako ina shida gani?"

Miaka sita ninayo fimbo hii, na hakuna aliyewahi kuniuliza. "Nikiiegemeza ukutani inaanguka," nikasema, "nami siwezi kuinama. Jana nilisimama jikoni nusu saa nikimngoja mke wa mwanangu aje aniokotee."

Rojina akafungua daftari la mchoro, akafuta taa, redio, na kengele pia.

"Kengele iache!" Nischal akaruka. "Si angemwita mkwe wake?"

"Fimbo isipoanguka, amwite wa nini?"

Konda akagonga bati, tumefika. Walinishusha mmoja mkono huu, mwingine ule, wakizozana juu ya kichwa changu, nami sikuwa na haraka ya kufika nyumbani.