Sabina Tluway na Gogo la Bucha

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Kama kuna chungu jikoni, punguza moto kwanza, maana mtu ninayemkumbuka leo hakupenda kusikilizwa nusunusu. Anaitwa Sabina Tluway. Alizaliwa Endabash, akafanya kazi ya maabara hapa Karatu, na Jumamosi iliyopita ametutoka kwa maradhi ya figo. Mimi ni Isaya, na sitamsimulia kama mtakatifu. Sabina alikuwa mtu wa kisasi. Mumewe, Gideon, ndiye aliyeniruhusu niliseme hilo hewani. Anasema nikilificha, marehemu atanikasirikia.

Wengi mlimwita Mama Brian, kwa jina la kifungua mimba wake. Kisa chenyewe kinaanzia kwenye kipaimara cha huyo Brian. Nyumbani kwao Ganako lilipikwa pilau, ikakatwa kachumbari, majirani wakajaa. Nyama ilitoka kwenye bucha ya Mzee Josephati, bucha iliyotamba mjini wakati ule, iliyokuwa ikipeleka nyama hadi kwenye kambi za watalii kule Ngorongoro. Narudia, kwa sababu hapo ndipo penye mzozo. Nyama ilitoka kwa Josephati.

Kesho yake wageni walianza kuhara na kutapika. Wengi walipona. Mdogo wake Brian, binti wa darasa la kwanza aliyeitwa Anneth, hakupona. Alifia hospitalini, dripu ikiwa mkono mmoja, mama yake akiwa ameushika mkono wa pili.

Matanga hayajaanuliwa, Josephati akasimama nje ya kanisa baada ya ibada. Alikuwa mzee wa kanisa, watu walimsikiliza. Alisema nyama yake inaliwa na Wazungu na hajasikia hata mmoja aliyeumwa, basi watu waulizie usafi wa jiko la yule mama. Maneno hayo yakazunguka Karatu nzima. Hata mama mkwe wake Sabina aliacha kula chakula kwake. Akifika, anakunywa maji, anaaga.

Mnauliza, je, haikupimwa hiyo nyama? Ilipimwa. Bwana afya alipeleka sampuli Arusha. Lakini maabara huotesha bakteria kwenye visahani, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Majibu yalipofika, nyama ya kipaimara ilikuwa imeliwa zamani, na ile iliyochukuliwa buchani ilichukuliwa baada ya bucha kupigwa deki kwa dawa. Hakuna kilichoonekana. Josephati akapita barabarani kifua mbele.

Sabina hakulia tena baada ya siku ile. Aliomba kazi kwenye mradi wa watafiti waliokuwa wanajaribu kipimo kipya cha chakula. Bertha, mdogo wake, alinieleza kwa sauti ya chini, sebuleni kwao: "Wenzake walikuwa wanatafuta bakteria. Dada alikuwa anamtafuta Josephati."

Ngoja niwaeleze kipimo chenyewe. Ni kipande cha plastiki, unaweza kukifunika kwa kiganja. Ndani yake mna mifereji myembamba kama unywele. Unasuuza nyama kwa maji maalumu, unadondosha tone, tone linatambaa ndani ya mifereji. Kwenye kuta zake zimebandikwa kingamwili zinazomnasa bakteria wa aina moja, salmonela, na kuwaacha wengine wapite. Akinaswa, umeme mdogo unaopita pale unabadilika, na kwenye simu unaona mstari unapanda. Mafuta ya nyama yaliziba mifereji hiyo mara nyingi. Sabina alichuja, akazimua, akarudia, mpaka kikakubali. Kazi ya siku kadhaa sasa ilimalizika kabla nyama ya mchana haijaiva. Narudia: kabla haijaiva, maana yake kabla haijaliwa.

Siku ya kwanza aliyokwenda buchani na bwana afya, alifuata mwongozo. Akachukua sampuli kwenye paja lililoning'inia kwenye ndoano. Mstari ulilala. Nyama safi. Josephati akamwagizia soda mbele ya wateja wote, akamwambia anywe apoe. Sabina aliinywa yote, akashukuru, akaondoka. Bertha anasema siku hiyo hata yeye aliogopa, akaanza kuwaza kwamba labda ni jiko kweli.

Lakini nani kati yetu hununua paja kwenye ndoano? Sisi tunasema, nikatie kilo, changanya. Inatupwa kwenye gogo, inapigwa shoka, inaongezewa kipande cha utumbo juu. Gogo linakwanguliwa kwa kisu, damu inabaki kwenye nyufa, kesho hivyo hivyo. Sabina alikuwa amenunua hivyo maisha yake yote, na siku ya kupima akasahau. Aliniambia mwenyewe kwamba alijiita mjinga njia nzima.

Akarudi siku ya mnada, mji umefurika. Akapanga foleni kama wengine, bwana afya akiwa nyuma yake. Akaomba kilo ya mchanganyiko. Akakaa kwenye benchi la nje na kisanduku chake, wateja wakamzunguka. Mstari ukapanda. Akapima uchafu wa nyufa za gogo. Ukapanda zaidi. Akasema sampuli ziende Arusha pia, hakutaka Josephati abakiwe na pa kuchomokea. Arusha wakajibu vilevile. Bucha ikafungwa. Kambi za Ngorongoro zikamwacha. Gogo likachomwa moto uani, na Sabina akavuta kiti, akakaa mpaka likawa majivu. Gideon alimpelekea chai pale pale. Msinilaumu, wasikilizaji, nikisema nami nilifurahi.

Je, kipimo kilithibitisha kilichomuua Anneth? Hapana. Nyama ya siku ile haikuwepo tena, na Sabina alilijua hilo kuliko sisi. Alijua na jambo jingine, ambalo hakulisema hadi Josephati alipokuja kwake na wazee, wakiswaga dume la ng'ombe la kuombea suluhu.

"Mama Brian," alisema Josephati, "tumekuja tuyamalize."

Sabina alisimama mlangoni. "Kisu kilichokata nyama yako ndicho nilichokatia nyanya za kachumbari," alimjibu. "Hilo ni langu, nalibeba mpaka kaburini. Lako ni dogo. Nitajie jina la mwanangu, tuyamalize."

Josephati akamtazama mzee wa kulia kwake. Akamtazama wa kushoto. Miaka yote alikuwa akisema yule mtoto, yule mtoto. Jina hakuwa nalo. Sabina akamwambia aondoke na dume lake, akafunga mlango. Wazee walimsihi mara nyingi baadaye, mchungaji naye alimsihi. Hakuufungua.

Tunatoa pole kwa Gideon, kwa Brian, kwa Bertha na ukoo wote wa Endabash. Tunatoa pole kwa mama mkwe, ambaye ameniambia kwamba alirudi kula kwa Sabina, ila hakuwahi kumwomba radhi. Na nyinyi mnaonisikia, kesho mkinunua nyama, litazameni gogo. Mkifika nyumbani, osheni kisu kabla ya kugusa nyanya. Na kama kuna mtu uliyemkosea, mfuate leo, angali anasikia.

Salamu za rambirambi zimefika nyingi, tumezisoma zote isipokuwa moja. Imetoka kwa Mzee Josephati. Ni ndefu, imeandikwa kwa heshima, na jina la Anneth limo, tena limeandikwa sawasawa. Nilimwonyesha Gideon. Aliisoma hadi mwisho, akanirudishia, akasema mke wake angeifungia mlango.

Iko hapa mbele yangu. Siisomi.