Majina ya Ukurasa wa Mwisho: Tukimkumbuka Mama Jonathan wa Maktaba

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio dukani, na nyinyi mlioitundika redio kwenye mkorosho huku mkipalilia, karibuni tukae. Mimi ni Sadallah. Leo tunamkumbuka Wilhelmina Nantumbu, mkutubi, yaani mtunza maktaba. Wengi mnamjua kama Mama Jonathan. Leo ni siku ya arobaini tangu atutoke. Kipindi hiki ni kizito kwangu, na sababu yake nitaisema kabla sijaondoka kwenye kiti hiki.

Mama Jonathan alizaliwa Kitangari, wilaya ya Newala. Nyinyi wa huko juu mnajua habari ya maji. Wa zamani wanajua zaidi. Dada yake, Bi Sabina, alinisimulia akiwa amekaa kibarazani na mkono shavuni. "Maji tuliyafuata bondeni," alisema. "Ndoo moja mama alitaka ifanye kazi tatu. Uoshe mboga. Maji hayo hayo uoshe miguu. Yanayobaki umwagie mche. Ukiyamwaga hovyo, siku hiyo umelitafuta neno. Wilhelmina hakuwahi kuyamwaga."

Shikeni hilo la ndoo, wasikilizaji. Ndilo lililokuja kumponza.

Akasoma, akasomea ukutubi, akaajiriwa hapa Masasi kwenye chuo kimoja cha afya, kile kilichoegemea mawe makubwa. Alikaa pale miaka ishirini na mitatu. Maktaba yenyewe vyumba viwili. Vitabu vingine vilikuwa vya zamani mno, vinaeleza dawa ambazo hospitali ziliacha kuzitumia kabla wanafunzi hawajazaliwa. Mama Jonathan alikuwa akisema anaona aibu kumpa mtoto wa watu kitabu cha namna hiyo.

Basi miaka tisa iliyopita chuo kikaingia kwenye umoja wa maktaba. Niwaeleze, maana na mimi nilielezwa. Yapo majarida ya kitaalamu ambayo siku hizi hayachapwi, yanasomwa kwenye kompyuta. Chuo kidogo peke yake hakiyawezi. Kwa hiyo vyuo vinaungana, vikubwa na vidogo, vinachangia, kisha kila kimoja kinafunguliwa mlango. Niliposikia mara ya kwanza nikamwambia, kumbe ni kikoba cha maktaba. Akacheka sana. Akasema ndiyo, ila humu hakuna mkopo wala marejesho, ni kusoma tu.

Na akakitumia kwa namna yake. Intaneti ya chuo ilikuwa ya kusuasua, na kompyuta inayofungua mlango huo ilikuwa moja. Mama Jonathan alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajaujaza mtandao. Alifungua makala moja, akaipakua mara moja tu, akaichapa. Halafu akaitoboa, akaishona kwa uzi kati ya makaratasi magumu ya maboksi, ikawa kijitabu. Juu aliandika: Rudisha kwa Mama Jonathan. Ukurasa wa mwisho aliuacha mweupe, na kila aliyesoma aliandika jina lake hapo.

Kijitabu kimoja kilisomwa na watu thelathini, arobaini. Wanafunzi walipohitimu aliwaruhusu waende navyo kwenye vituo vyao vya kazi. Vikafika Nanganga. Vikafika Mnyambe. Vikafika kwao Kitangari. Kuifungua makala ile ile mara ya pili, kwake yeye, ilikuwa sawa na kumwaga maji. Alidhani anatunza mali ya wote.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ikaja barua kutoka umoja. Mkuu wa chuo ni Mwalimu Elineema, mtu wa Same, mpole, si msemaji. Alimwita ofisini, akampa barua aisome mwenyewe. Mtambo wa umoja huhesabu kila anayefungua mlango. Hauna habari na anayesoma kijitabu. Kwa mwaka mzima, mbele ya jina la chuo chetu paliandikwa: watumiaji, mmoja.

Mmoja, wasikilizaji. Yeye.

Barua ilisema chuo kisichotumia kitafungiwa mlango, nafasi ipewe chuo kingine. Ila kama kina wasomaji wasiopungua mia tatu, kithibitishe kwa majina kabla ya tarehe thelathini na moja Machi. Majina mia tatu. Kabla ya tarehe thelathini na moja. Mwalimu Elineema aliwapigia simu akawaeleza habari za vijitabu. Walimsikiliza vizuri, wakamwambia walete majina.

Na majina yalikuwepo. Yalikuwa kwenye kurasa za mwisho, zimetawanyika Masasi na Newala yote.

Mama Jonathan akachukua likizo. Alikuwa na miaka hamsini na saba na alikuwa na presha. Masika ilikuwa imeshika, na zile njia za udongo mwekundu mnazijua zikinywa maji. Alipanda basi, akishuka anapanda bodaboda, bodaboda ikikwama anavua viatu. Mume wake, Mzee Mathias, anasema siku mbili za kliniki zilimpita akiwa njiani. "Nilimwambia, Mama Jonathan, pumzika," aliniambia. "Akasema atapumzika Aprili. Mimi nikamwacha aende. Sikupaswa kumwacha."

Huko Mnyambe alimkuta Nuria, mkunga wa zahanati, mwanafunzi wake wa zamani. Nuria alitoka na kijitabu kimeiva kwa kushikwa, kimeingia doa la iodini. Kilikuwa kinaeleza namna ya kumshughulikia mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nuria ameniambia hivi, na ninamnukuu: "Mwaka juzi, mchana, mama mmoja alianza kumwagika damu, na gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Yale maelezo nilikuwa nimeyasoma mpaka najua yapo ukurasa gani. Yule mama yupo. Jana tu alipita hapa na mtoto mgongoni." Mama Jonathan alinakili kutoka kijitabu kile majina kumi na tisa ambayo hakuwa nayo, akanywa maji, akaondoka. Hakukichukua. Alisema hapo ndipo kinapofanya kazi.

Alizunguka hivyo wiki sita. Jioni alimsomea majina binti yake Isabela, ambaye ni mwalimu, naye akayaandika kwenye kompyuta. Tarehe thelathini na moja Machi walihesabu mara mbili. Majina yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Wakayatuma hayo hayo, na barua ya Mwalimu Elineema ya kuomba wafikiriwe.

Jibu lilikuja tarehe saba Aprili. Umoja ulishukuru kwa juhudi. Majina hayakufika mia tatu. Mlango umefungwa. Isabela alikuwepo. Anasema mama yake alisoma, akazima kompyuta, akaifunika na kitambaa chake, akafagia vyumba vyote viwili. Njiani akasema neno moja tu: "Mimi ndiye niliyewafungia wanafunzi wangu." Isabela alimkatalia. Alimkatalia mpaka wakafika nyumbani. Asubuhi yake, tarehe nane, Mama Jonathan alianguka akiwa anawasha jiko, na hospitali hawakuweza kumrudisha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tangazo la kifo lililetwa hapa redioni saa tatu asubuhi. Tulilisoma mara tatu siku ile ile.

Tukamzika Kitangari. Mnajua kwetu mazishini lazima atasimama mtu wa familia aseme, mwenye kitu cha marehemu ajitokeze, aione familia. Alisimama Mzee Mathias, akasema. Watu wakaanza kuinuka. Wa kwanza alikuwa tabibu kutoka Nanganga. Akafungua mkoba, akatoa kijitabu, akakiweka kwenye mkeka. Akafuata mwingine, na mwingine. Wauguzi waliokuja na sare zao. Mmoja alikuwa amekifunga kijitabu ndani ya nailoni kwa ajili ya mvua. Juu viliandikwa Rudisha kwa Mama Jonathan, nao walikuwa wamevirudisha.

Vilikuwa vijitabu sabini na kimoja. Isabela aliketi kwenye mkeka ule, amejifunga khanga ya msiba, akafungua kurasa za mwisho moja moja. Majina mapya, ambayo mama yake hakuyapata, yalikuwa mia tatu na sita. Mapya peke yake yalitosha. Muda ulikuwa umekwisha siku kumi kabla. Mwalimu Elineema aliyatuma hata hivyo. Akajibiwa kwamba nafasi imeshapewa chuo kingine. Leo hii mwanafunzi wa pale akiufungua mlango ule anaandikiwa kwamba hana ruhusa.

Niliwauliza wale wauguzi kwa nini hawakuja mapema. Wote walinijibu jambo moja. Hawakusikia kwamba anatafuta majina.

Wasikilizaji wapendwa, alitaka msikie. Alikuja hapa, kwenye studio hii, tarehe kumi na moja Machi, amelowa mpaka magotini, na tangazo kaliandika kwa mkono. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti, nikamwambia matangazo ya vyuo yanataka barua yenye muhuri. Akaenda, akarudi siku ya pili na muhuri. Nikamwambia wiki ijayo, mama. Wiki ile kulikuwa na matangazo ya mbolea, na ligi ya wilaya, na mimi nilikuwa na safari yangu. Siku moja akapiga simu. Nikasema nakumbuka. Akasema, "Basi mwanangu, ukipata nafasi." Karatasi ilibaki kwenye droo yangu. Hakuna aliyenizuia kuisoma. Nilisahau, basi.

Nimekwenda kwa Mzee Mathias nikamwambia haya kabla ya kuwaambia nyinyi. Hakunigombeza. Alinikaribisha chakula.

Tunampa pole Mzee Mathias. Tunampa pole Isabela, na kaka yake Jonathan, na Bi Sabina na ukoo wote wa Kitangari. Poleni wanachuo, poleni Mwalimu Elineema. Mungu ampumzishe mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna karatasi ya mtu mezani kwako inasubiri wiki ijayo, inyanyue uisome leo. Yangu mimi naisoma sasa, kama alivyoiandika:

"Wauguzi, matabibu na wakunga wote mliosoma chuoni kwetu, habari za kazi. Kama una kijitabu nilichokushonea, tazama ukurasa wa mwisho. Naomba majina yaliyoandikwa hapo. Nipigie, au nitumie kwa basi, kabla ya tarehe thelathini na moja Machi, tusije tukafungiwa. Usione haya kama kimechanika. Ni mimi, Mama Jonathan wa maktaba."