Shangazi wa Kola na Sindano Iliyovunjika Mbele ya Wageni

Baada ya miaka ishirini na saba kwenye cherehani ya dirishani, Shangazi wa Kola anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila ukiliita hapa karakanani hakuna anayegeuka, yeye mwenyewe akiwemo.

Alianza kwa kukata nyuzi na kufagia vipande, akapanda hadi vifungo, kisha akakabidhiwa kola za mashati ya watoto, na huko hakutoka tena. Kola ya mkono wake haimkwaruzi mtoto shingo. Wengi wetu ametufundisha kazi, na wote ametufumulia mishono. Mimi niliporudi kutoka likizo ya uzazi, macho mazito, alinifumulia mara mbili asubuhi moja, halafu akanisogezea kikombe chake cha chai. "Mama mtoto, kunywa kwanza. Shati halijui kama hukulala."

Kasoro yake ilikuwa moja: kuamini nuksi. Uzi ukikatika kabla ya chai, siku imeharibika. Sindano ikivunjika, usimsemeshe mpaka jioni.

Mwaka jana msimamizi alianzisha utaratibu wa kuandika ubaoni neno moja la Kiingereza kila wiki, maana wateja wapya hawajui lugha yetu. Shangazi aligoma. Alisema ulimi wake ulishastaafu, unamsubiri yeye tu. Mpaka likaja neno "omen". Msimamizi akaeleza kuwa ni ishara ya jambo linalokuja. Kumbe nuksi, akasema Shangazi. Hapana, akajibiwa, inaweza kuwa ya shari, inaweza kuwa ya heri. Kuanzia hapo, kila alipotunga uzi bila kukosea, tulimsikia akinong'ona, "Good omen," yaani ishara ya heri.

Wiki hiyohiyo wateja wakaja. Oda yao ndiyo ingeamua karakana iendelee au ifungwe, na kila mmoja wetu alijua nani anamtegemea nyumbani. Walipokaribia dirishani, ta! Sindano ya Shangazi ikavunjika. Sote tukageuka kumtazama. Angeweza kuweka nyingine akaendelea, wageni hawakuwa wameona kitu. Lakini kwetu ncha isipopatikana, shati halitoki. Shangazi akazima mashine, akainua mkono juu, akatangaza kwa sauti: "Good omen!" Kisha akapiga magoti na sumaku yake.

Tulipiga magoti sote. Mteja mmoja akauliza heri iko wapi hapo. Shangazi akajibu akiwa bado chini ya meza, msimamizi akitafsiri: "Mwambie hii imevunjika tukiiona. Mbaya ni ile inayosafiri na nguo."

Ncha ilikutwa ndani ya kola ya shati la mtoto mdogo. Mteja yule alipitisha kidole pale. Oda ilisainiwa kabla hawajaondoka, na mpaka leo tuna kazi. Maneno mengine yamefutwa ubaoni; lile hakuna anayethubutu kuligusa.

Shangazi, asante. Kola nimeachiwa mimi, na zisipokaa sawa nitafumua, ziwe zangu au za mwingine. Afya ikutunze, na wajukuu wakuachie walau saa moja ya kuketi. Jumatatu uzi ukikukatikia asubuhi, usiulize ni ishara ya nini. Huna zamu. Rudi ulale.