Kidonge cha Tabitha Nyakio Kang'ethe

Wasifu mlio nao mkononi ni wa pili. Wa kwanza ulikuwa umeshapelekwa kwa mchapishaji, na ulisema kwamba Tabby aliugua kwa muda kisha akalala. Jumatano jioni tulisikia jambo lililotuacha vinywa wazi, na mimi Gathogo, mdogo wake, nikaenda mjini kuuondoa. Wenye haraka watanivumilia.

Marehemu Tabitha Nyakio Kang'ethe, ambaye sote tulimwita Tabby, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Subukia, kifungua mimba wa marehemu wazazi wetu. Alisoma shule ya msingi huko huko na kufanya mtihani wa CPE mwaka wa 1982. Sekondari hakufika, kwa sababu nyuma yake tulikuwa wengi. Badala yake alijifunza upishi katika chuo cha ufundi hapa Nakuru.

Mwaka wa 1991 aliajiriwa kama mpishi katika shule moja ya msingi mtaani Rhonda, akakaa na sufuria zile hadi alipostaafu mwaka wa 2023. Watoto walimwita Cucu wa Githeri, yaani bibi wa mahindi na maharagwe, kabla hata hajapata mjukuu. Alinuna kidogo, kisha akazoea. Jambo ambalo hakulivumilia ni mtoto kurudi darasani bila kula. Siku moja chakula kilipungua, na mwalimu mkuu akataka wadogo wahudumiwe kwanza, wakubwa wasubiri.

"Mwalimu, hakuna kusubiri," Tabby alimwambia. "Ongeza maji, wote watakula."

Githeri iligeuka supu, lakini kila sahani ilipata kitu. Hadithi hiyo tumeicheka miaka mingi. Wiki hii imetuchoma.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Bwana Kang'ethe, ambaye baadaye alifanya kazi katika mitambo ya umeme ya Olkaria. Bwana alirudi nyumbani wikendi tu, na Tabby alidai hiyo ndiyo siri ya ndoa yao kudumu. Walijaliwa binti mmoja, Natalie, na wakajenga hapa Kiamunyi.

Mwaka wa 2014 Tabby alianza kuchoka ovyo, akapatikana na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Daktari alisema dawa ipo: kidonge kimoja kila siku, na mtu anaendelea na maisha yake. Lakini kampuni ya ng'ambo iliyokivumbua inakilinda kwa hataza, sheria inayokataza mtu mwingine yeyote kukitengeneza au kukiuza hapa bila ruhusa yake. Kuna nchi wanakotengeneza kidonge hicho hicho kwa bei ya mtu wa kawaida, ila hakiruhusiwi kuvuka mpaka kuja kwetu. Cha kampuni, mpishi wa shule hawezi kukinunua hata akiuza shamba.

Tabby alibahatika. Kampuni hiyo ilikuwa na mpango wa kuwapa wagonjwa wachache dawa bure, naye akaandikishwa. Mimi si mtu wa kukosa shukrani. Walimpa dada yangu miaka mingi, akacheza na mjukuu wake Mitchelle. Halafu mwaka wa 2023 mpango ukafungwa kwa wagonjwa wapya. Waliokuwa ndani waliendelea, na waliochelewa kuugua wakabaki nje.

Mwaka uliofuata, kwenye benchi la kliniki, alikutana na mama mmoja kutoka Rhonda aitwaye Cheptanui. Ugonjwa ulikuwa ule ule, ila Cheptanui alikuwa ameambiwa arudi nyumbani, nafasi hakuna. Siku hiyo hiyo daktari alimwambia Tabby damu yake iko vizuri kabisa. Nadhani hapo ndipo aliposikia kwamba anayo dawa ya kubakisha.

Mwezi wa Juni mwaka huu damu iliharibika. Daktari alishangaa. "Mama, dawa unameza kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Hakudanganya. Alidhoofika haraka, na alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Novemba 2025 alituacha, katika hospitali moja hapa Nakuru. Sisi tulijua ni ugonjwa tu umemzidi.

Jumatano, katikati ya maombi, Cheptanui alisimama sebuleni.

"Mathe Tabby alikuwa ananipea nusu ya dawa yake," alisema. "Aliniambia daktari amempunguzia, eti hiyo ingine inabaki tu. Mimi sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

Natalie alipiga yowe na kutoka nje. Mimi nilitaka huyo mama aondoke, nasema wazi. Ni Kang'ethe aliyeinuka.

"Ya leo umemeza?" alimuuliza.

"Bado, baba. Ziliisha Jumatatu."

Akaingia chumbani akarudi na kopo la Tabby. Ndani, vidonge vyote vilikuwa vimekatwa katikati kwa kisu cha jikoni. Alichukua nusu mbili, akaziweka kwenye kiganja cha Cheptanui.

"Kuanzia leo unameza nzima," alisema. "Hii si githeri."

Natalie alirudi na glasi ya maji. Kisha Kang'ethe akanigeukia, akaniambia niandike yote kama yalivyo.

Tabby ameacha mume wake Kang'ethe, binti yake Natalie, mjukuu wake Mitchelle, mimi na ndugu zetu, na Cheptanui, ambaye ameketi hapa mbele na familia kwa amri ya mwenye nyumba. Utaratibu wa mpango ni kwamba dawa ya marehemu irudishwe. Haitarudishwa.

Mungu akupe pumziko la amani, dada yangu. Kopo lina vidonge vya kumfikisha Cheptanui Krismasi. Baada ya hapo hatujui.