Fundi Kilonzo Hakulichoma Gari Lile

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Kilonzo Nzivo, fundi wa umeme wa magari, mkazi wa Mowlem hapa Nairobi. Ametutoka Jumanne kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Na niwaambie mapema, leo nina hasira.

Kilonzo alifanya kazi kando ya barabara miaka ishirini na sita. Waipa za gari, zile za kufuta mvua kiooni, zikigoma, watu walimwendea yeye. Hakuwa na pupa. Alianza kwenye fyuzi, akaja kwenye swichi, akafuata nyaya, mwisho mota inayozisukuma. Akikuta fyuzi imeungua, aliiinua juu aitazame vizuri. "Huyu ni askari, ameuawa kazini," alikuwa akisema. "Sasa tumtafute aliyemuua."

Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, dereva Mbugua alimletea gari la shule moja ya Huruma. Waipa zilikuwa zimekwama katikati ya kioo. Kilonzo akaweka fyuzi mpya, ikaungua papo hapo. Akachomoa mota, akaweka fyuzi nyingine, ikadumu. Basi ubovu ulikuwa ndani ya mota. Akaiacha vivyo hivyo, imechomolewa.

"Nunueni mota nyingine," akamwambia Mbugua. "Na msithubutu kuweka karatasi ya sigara. Mtachoma watoto wa wenyewe."

Mnaijua karatasi hiyo, ile ya kung'aa ndani ya pakiti. Huku kwetu Eastlands ndiyo dawa ya kila fyuzi iliyoungua. Umeme unapita, sawa, lakini nyaya zikichemka hakuna tena cha kuukata.

Siku mbili baadaye gari lilishika moto kwenye foleni. Watoto walitolewa wote, wazima, tunamshukuru Mungu. Mkurugenzi wa shule akauliza ni fundi gani aliyeligusa mwisho. Akatajiwa Kilonzo. Hakuna aliyeuliza swali la pili, wasikilizaji, hata mmoja. Wateja wakaanza kumkwepa. Wakambandika jina, Kilonzo wa Moto. Yeye, ndiye aliyewaonya!

Mkewe, Kaluki, ametusimulia. "Alikuwa anarudi mapema, anakaa tu. Ananiambia, 'Mama Ndete, ile mota niliiacha imechomolewa.' Namwambia, mimi najua. Ananijibu, 'Wewe peke yako hutoshi.'"

Juzi jioni, kwenye mkutano wa mazishi, Mbugua alisimama mbele ya watu.

"Si fundi, ni mimi," akasema. "Mkurugenzi alisema mota mpya ingoje shule zifungwe, na watoto lazima wabebwe. Nikarudisha mota ile mbovu, fyuzi ikaungua, nikaifunga kwa karatasi ya sigara. Niliogopa kufutwa kazi."

Kaluki akamtazama. "Umeyajua haya miezi minne?"

"Ndiyo, mama."

"Na kila asubuhi ulikuwa unapita hapo kwake, anakusalimia."

Mbugua akarudi kuketi. Nami sina la kumsaidia.

Kwa Kaluki, kwa binti yake Ndete, na kwa mafundi wote wa Mowlem, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Kilonzo hakulichoma gari lile. Narudia, Kilonzo hakulichoma gari lile. Nawe unayesikiliza, kama unajua jina la mtu linachafuliwa bure, nenda ukaseme leo. Kilonzo ameoshwa jina juzi, akiwa tayari mochari.