Laurean Aliyekataa Kuapa, na Ndugu Aliyeapa

Marehemu Laurean Rwechungura alizaliwa tarehe 12 Machi 1948, Kamachumu, Bukoba. Alisoma seminari miaka minne, akaondolewa kwa kubishana na mapadri, kisa alichokisimulia kwa furaha hadi mwisho.

Mwaka 1976 alimwoa Domina, wakajaliwa binti mmoja, Vumilia, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Walihamia Oxon Hill, Marekani, mwaka 1984. Laurean alikuwa dereva wa ubalozi, kisha mpishi wa hoteli.

Domina alipofariki mwaka 1995, Laurean alipelekwa na mpishi mwenzake, Msri Lanka, kwenye hekalu la Wabudha. Huko alipata utulivu. Alishika kanuni zao tano, na ile ya kujizuia na uongo aliishikilia kufa na kupona. Mwaka 2001 aliitwa mahakamani kutoa ushahidi wa ajali, akatakiwa kuapa.

"Mheshimiwa, siapi," alisema. "Nikiapa leo, ina maana siku nyingine huwa nadanganya?"

Hakimu alicheka, akamruhusu kuthibitisha tu kwamba atasema kweli.

Februari 2006 aligundulika na saratani ya ini. Oktoba alimwita mdogo wake Sebastian, anayeishi mji wa jirani wa Sterling, pamoja na Vumilia, akaomba mwili wake uchomwe Kibudha. Sebastian alishika Biblia: "Haki ya Mungu, kaka, naapa!"

"Usiape, Seba. Sema ndiyo, kisha ufanye."

Alifariki tarehe 9 Novemba, akiwa amewaamini.

Kesho yake Sebastian alitafuta kaburi hili tunalolizunguka sasa.

"Baba mdogo, si uliapa?" Vumilia aliuliza mbele ya kamati ya msiba.

"Kumpromisi Mbudha si kiapo, mwanangu. Hana Mungu wa kushuhudia. Na Bukoba watatuonaje?"

Kamati nzima ikaitikia. Aibu yenu! Kumdanganya mtu anayekufa, kisha kusingizia dini yake, ni unyama, na hasira ya Vumilia haitapoa leo. Laurean aliamini kwamba kiapo hakiongezi kitu. Neno humfunga aliyelitamka, awe na shahidi au asiwe naye.

Vumilia hakuapa. Alisema tu, "Ndiyo, baba." Kwa hiyo jeneza hili haliteremki. Kisheria sahihi ya kuruhusu mwili uchomwe ni ya binti, naye ameshaiweka. Gari la kwenda kwenye tanuru lipo getini, na watawa wa Kibudha wanasubiri. Anayetaka kusindikiza, aje.

Marehemu ameacha binti, Vumilia, mjukuu, Ethan, na mdogo wake Sebastian, ambaye bado ana nafasi ya kufanya alichosema.

Apumzike kwa amani aliyoahidiwa.